Kucha za Kokulinda

Pasiansi, Mwanza
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Renatha,

Marahaba nakupa kabla hujaniamkia. Baridi ya huko Songea inakutendaje? Magoti je? Mume wako Nathaniel bado anakohoa? Sisi wazima, ila ndizi za hapa hazina ladha, wanazikata changa. Simu siitaki, inakatika sijafika hata katikati. Mjukuu wangu Kokulinda anaandika, mimi nasema.

Huyu Kokulinda, ukiacha chuo, sasa anajifunza gitaa. Siyo la bendi. Hili lina nyuzi za nailoni, unapiga huku unasoma karatasi. Anafundishwa na mjane mmoja wa Mabatini, Odeta. Basi ni Odeta kasema hivi, Odeta kasema vile. Kigoda changu cha jikoni ndicho anachokanyagia akipiga, eti Odeta kasema mguu wa kushoto uinuke! Anarudia kamstari kamoja tangu saa kumi mpaka kuku wanaingia bandani.

Zamani saa hizo alikuwa wangu. Tunapara sato, ananiuliza habari za baba yetu na yule ng'ombe wake mkorofi, aliyekula kanga ya mama, unamkumbuka? Sasa magamba napara peke yangu, maana kucha za mkono wa kulia amezifuga. Ndizo za kupigia nyuzi, anazilainisha kwa msasa kama seremala. Za kushoto lazima ziwe fupi, na hizo namkatia mimi tangu akiwa mtoto. Hilo tu ndilo nililobakiwa nalo.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita alikuwa apige mbele za watu, ukumbi wa parokia. Alhamisi kabla yake akaja nimkate kucha, macho yake yako kwenye karatasi. Nikaushika mkono wa kulia. Nimekata gumba, nimekata cha pili, ndipo akaruka, "Bibi, siyo huo!" Nikamwambia macho yangu yamekufa, kulia na kushoto sioni tena.

Hakunifokea. Jumapili akapiga kwa nyama ya vidole, sauti chini, waliokaa nyuma wakaanza kupiga soga. Alipomaliza, Odeta akamkumbatia. Mimi nimekaa na mkoba wangu.

Halafu mtoto kaenda kuniandikisha kwa daktari wa macho, Jumanne hii, siku ya somo lake. Kamwambia Odeta haji. Renatha, nilifurahi! Siku tatu nzima nimefurahi. Ila jana kanishika mkono kunivusha kamfereji ninakokaruka kila siku, akawa ananihesabia hatua. Nikashindwa kula.

Macho yangu mazima. Uzi kwenye sindano natunga mwenyewe. Nilijua ule ni mkono wa kulia. Nilitaka Odeta aaibike mbele za watu.

Ananiuliza, "Bibi, na hilo niandike?"

Andika. Kama lilivyo.

Kalamu ilisimama. Nimekohoa, nimesogeza sufuria. Sasa ndiyo amesema: Jumanne anakwenda kwa Odeta. Na kucha kuanzia leo atajikata mwenyewe. Vidole vyote kumi, Renatha, sina hata kimoja.

Msalimie sana Nathaniel, anywe tangawizi. Binti yako Wilhelmina mwambie nimepokea kitenge, kimenikaa vizuri. Mungu akukinge na hiyo baridi, akupe usingizi na watu wa kukaa nao jioni.

Wako akupendaye,
dada yako Teodora