Chupa Nzima ya Dawa ya Injini

Kaka Constantino,

Nimeondoka na lori la samaki. Watoto wangu wa shule ya Msimbati wana mtihani leo, na karatasi zote ninazo mimi. Uji uko jikoni. ~~Upashe mwenyewe, bwana fundi.~~ Nimeufunika usipoe.

Jana nilikusomea maandishi ya chupa: dawa ya kusafisha injini, kifuniko kimoja tu. Ukacheka, "Mwalimu wa watoto, injini unaijulia wapi?" Ukamimina chupa nzima kwenye tangi la mafuta, eti ukizidisha dawa gari litapona upesi. Asubuhi gari la Baba limekohoa, likazima. Nawe ukalipiga teke gurudumu, kana kwamba ndilo lililokunywa.

Usitafute watu wa kusukuma. Dawa imebandua uchafu wa tangi, nao umeziba chujio; lisafishe kwanza.

Chupa iko hapa mezani. Isome polepole. Sipo, hakuna atakayekusikia ukikwama kwenye neno.

Mdogo wako