Mtaa wa Zawiani Una Wenyewe

Jumatatu, 3 Agosti 1959
Nimesomesha kama kawaida. Watoto wa chuo changu cha Kurani walipoondoka nikatoka kufagia njia. Nikakuta vigingi, na kamba imekatiza mtaa mzima. Bwana Seifu, mfanyabiashara aliyehamia hapa Chake mwaka jana kutoka Tanga, anasema kanunua Zawiani yote. Anataka ghala la karafuu. Tumepewa wiki moja tuhame, nyumba tisa pamoja na chuo changu. Aka! Hanijui huyo.

Jumanne, 4 Agosti
Nimeamka na hasira. Hapa palikuwa zawia. Mashehe waliishi hapa, wakidhikiri na kusomesha, na njia hii waliikanyaga wao kwenda kisimani. Zawia ikaanguka, ukabaki ukuta wa kibla, ule wa uani kwangu. Ardhi ni wakfu, haiuzwi. Sote tunajua, ila karatasi hatuna. Jirani yangu Mzee Faki kashaanza kufunga virago. Nimemgombeza.

Alhamisi, 6 Agosti
Nazi imedondoka uani. Nimeiokota nikakumbuka. Bibi yangu hakuila nazi iliyodondoka hapa hata siku moja. Alinituma niipeleke Wesha kwa mwenye mnazi. Na wenye minazi walipokuja kuangua, walipiga hodi zawiani kwanza, wakaomba ruhusa kwa mashehe. Nani anaomba ruhusa kwenye ardhi yake? Minazi yao, ardhi si yao! Bwana Seifu kanunua kwa wajukuu zao. Kanunua nini hasa? Nimecheka peke yangu kama mwehu. Jumamosi nakwenda kumshitaki kwa kadhi.

Jumatatu, 10 Agosti
Kwa kadhi tumekwenda mtaa mzima. Bwana Seifu kavaa joho, katoa waraka wake wa mauzo kwa madaha. Alisomewa na dalali. Mwenyewe herufi za Kiarabu zinampiga chenga. Nikaomba niusome mimi. Wanaume wakaguna. Kadhi akasema, "Soma, Bi Raya." Nikasoma kwa sauti ya chuoni: minazi kumi na saba, iliyomo katika ardhi ya wakfu wa zawia. Nikarudia, asije akasema hakusikia. Kadhi kautazama mwenyewe, kaamuru vigingi ving'olewe leo leo. Vigelegele hivyo! Mzee Faki kalia. Mimi nimejiona mrefu kama mnara.

Jumamosi, 15 Agosti
Nimesomesha. Nimefagia njia. Upepo wa alfajiri umeangusha nazi mbili uani. Nimevaa buibui nikampelekea Bwana Seifu dukani kwake, maana minazi ni yake. Kazipokea kwa mikono miwili. Kauliza aje siku gani kuangua. Nimemwambia siku yoyote, ila apige hodi kwanza.