Pingili Iliyo Kaburini kwa Mama

Ladywood, Birmingham

Mdogo wangu Bertha,

Pokea salamu zangu. Goti lako limepoa? Mvua imewafikia kabla mihogo haijasinyaa? Mimi natembea bado. Lifti ya ghorofa letu inapoharibika ndipo naukumbuka umri wangu.

Umeniomba, kama mjomba wa wanao, nitoe neno kuhusu jiwe la kaburini kwa mama, ambalo wachimbaji sasa wamegundua ni mfupa wa yule mnyama wa kale waliyemfukua, na wanalitaka. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nimwone huyo mnyama. Yuko huku. Wamemleta kwenye maonyesho katikati ya mji, basi moja tu kutoka kwangu.

Nilikwenda na binti yangu Anjela na Mama Furaha, Mkongo tunayesali naye. Mifupa imejaza ukumbi mzima. Ukutani wamemchora alivyokuwa hai: ngozi yenye mabaka, mikunjo ya shingo, hata kope. Mama Furaha akashika kiuno. "Papa Vitalis, nyama kubwa hivi mulikuwa nayo kwenu, na ukakuja huku kutafuta nini?"

Tulicheka, mpaka niliposoma kibao. Kinasema mifupa hiyo ilipatikana katika nyika isiyokaliwa na watu.

Bertha, nyika hiyo ni shamba letu. Mwanao Deus ndiye aliyegonga mfupa wa kwanza kwa jembe, na wewe ndiye uliyewasongea wachimbaji ugali msimu mzima. Wameweza kukisia kope za mnyama ambaye hakuna mtu aliyepata kumwona, lakini ninyi mliowatekea maji hawakuwaona.

Mchoraji mwenyewe alikuwepo, kijana mpole. Nikamwonyesha pingili moja ya shingo, nyeupe kuliko zile nyingine.

"Hiyo hatunayo," akasema. "Tumeifinyanga kwa plasta, kwa kukisia. Unaweza kuigusa, si ya kweli."

Nami niliijua mara moja. Imechomoza kama bawa upande mmoja, na ina tundu katikati, kama jiwe lililo kwenye picha uliyonitumia mama alipozikwa, wakati karatasi zangu za ukaazi zilikuwa hazijatoka na sikuweza kuja. Nikaweka kiganja, nikakiacha hapo.

"Baba, mbona hatuondoki?" Anjela akauliza kwa Kiingereza chake. Nikamweleza. Akasema, "Si muwape tu? Wameahidi kumjengea bibi msalaba wa saruji, na dunia nzima itauona huo mfupa."

"Dunia nzima," nikamjibu, "imeshaambiwa kwamba pale haishi mtu."

Basi waambie mjomba amekataa. Jiwe lile kaka zetu walilibeba kwa machela kutoka shambani kwa sababu saruji hatukuwa nayo, wakamwekea mama ili asipotee. Lisiondoke. Wao wabaki na la plasta. Mimi pia ndilo nililoambulia.

Nisalimie shemeji na mama mdogo. Deus mwambie nililitaja jina lake kwa mchoraji mara mbili, alitabasamu, hakuliandika.

Mtakapopalilia kaburini, weka mkono juu ya jiwe jua likiwa kali, kisha unieleze lina joto kiasi gani. Hili la huku lilikuwa baridi.

Kaka yako,
Vitalis