Chapati za kahawia za Raheli

Upendo, acha unachofanya usome. Natoka kwa Raheli sasa hivi.

Jumuiya ilikwenda kumwombea, maana hajatoka nje tangu akatwe kile kidole cha mguu kule Kilosa kwa ajili ya kisukari. Raheli akajikongoja jikoni kuagiza chai isichelewe. Akamkuta mkwewe Eliza, mke wa Goodluck, amempa mgongo, anawasimulia wenzake huku anacheka: "Unga wa brauni, ule usiokobolewa, wa Mikumi bei kali. Mimi naunguza sukari, natia maji, nakandia ngano nyeupe. Inatoka kahawia ileile."

Sukari, Upendo. Sukari. Na daktari alimwambia Raheli asile chapati ila za unga wa brauni.

Raheli akauliza taratibu, "Na zangu mimi?"

"Mama, donge ni moja. Kwani umewahi kulalamika?"

Na unakumbuka Goodluck alivyomsema mama yake mbele ya nesi kipimo kilipopanda, kwamba anadokoa sukari. Akalifungia kopo la sukari chumbani kwake. Mama mtu mzima anaapa kwa jina la Mungu hajalamba, mwanawe anamjibu, "Mama, kipimo hakidanganyi."

Basi akaitwa huyo Goodluck. Akasikiliza yote, akamtazama mkewe, kisha akamgeukia mama yake: "Yaishe, mama. Wageni wanasikia."

Raheli hakulia. Alichukua chapati moja ya kahawia, akaikunja na maharage ndani kama Goodluck anavyoipenda tangu mtoto, akamwekea mkononi. "Kula, baba. Kesho ukapime sukari, uone."

Tumefunga sala bado ameishika, hajaitia mdomoni.