Maji Yaliyozuiwa Kurudi Moyoni

Kongwa, Jumatano

Mjukuu wangu Neema,

Mama yako kaniambia jana kuwa vali, vile vilango vya moyo, bado zinakutatiza, na mtihani ni Jumatatu. Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako mzima.

Siku hizi vitabu vya maswali vimejaa sokoni. Mimi nilipokuwa kidato chako nilikariri tu, bila kuelewa, mpaka mchinjaji jirani yetu alipomimina maji kwenye mshipa mkubwa juu ya moyo wa ng'ombe. Mshipa ukajaa kama kikombe.

"Chungulia, msomi."

Chini ya maji ngozi tatu nyembamba, ndizo vali, zilikuwa zimebanana.

"Nani kazifunga?"

"Maji yenyewe, yalipotaka kurudi. Miaka yote nachinja, bado nashangaa."

Nami hadi leo. Jumamosi asubuhi nenda buchani na kopo la maji, uombe moyo wa ng'ombe.

Bibi yako