Nimezoea Tu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Ya wiki mbili tu, lakini baada ya miezi saba ya kukaa bure sichagui. Nimepewa beji, ubao wa kuandikia, kalamu mbili na rundo la madodoso. Swali kubwa ni moja: unanunua wapi mahitaji ya nyumbani, na kwa nini? Kumbe mtu analipwa kwa kuuliza hivyo. Mimi niliyekulia dukani ningewajibia mtaa mzima bila kuinuka kitini.

Msimamizi wetu ni mwanamume mwembamba, shati limenyooka, kila kitu anakisema mara mbili. Mhojaji ajitambulishe kwanza, ataje anakotoka. Ajitambulishe, ataje anakotoka. Ndipo lije swali la kwanza: je, wewe au mtu wa nyumbani kwako ana duka? Akisema ndiyo, mshukuru uondoke. Wenye maduka hawahojiwi. Kwa hiyo mimi mwenyewe nisingefaa! Msimamizi hakuniuliza kama kwetu kuna duka. Na mimi sikumwambia.

Mama mdogo nimemwambia ni utafiti wa mambo ya chakula. Si uongo. Akasema basi ninywe chai ya kutosha asubuhi, maana watu wa utafiti hutembea sana, wao na wahubiri.

Jumanne, 4 Machi

Nimepangiwa mtaa wetu huu huu, mama mdogo sijamwambia. Miguu imepona, ulimi ndio umechoka.

Nilianza kwa muuguzi, nyumba ya geti jeusi. Ananunua supamaketi ya barabara kuu, mwendo wa nusu saa, huku duka letu liko hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Kwa nini? Akalirudisha geti nusu. Mwishowe akasema kule hakuna anayemuuliza mume wake yuko wapi siku hizi. Nikatafuta kisanduku. Vipo sita: bei, umbali, ubora, usafi, wingi wa bidhaa, hakuna sababu maalumu. Nikatia tiki kwenye usafi. Nikainamia karatasi. Anayeuliza waume wa watu wako wapi namjua — anauliza huku anapima mchele, na hana nia mbaya hata chembe.

Kisha fundi cherehani. Kabla sijamaliza kujitambulisha ameshacheka, hizo beji tumeanza lini? Ananunua kwa mama mdogo, kwani mimi sijui? Nikamwambia natakiwa niulize kana kwamba sijui. Haya, kwa nini ananunua pale?

"Tumezoeana," akasema.

Nikamwomba sababu. Akasema ndiyo hiyo, akanitazama kama nimerukwa na akili. Nikaandika pembeni: mazoea.

Hadi jioni nimehoji ishirini na watano. Kumi na wanane wamenijibu hivyo hivyo. Nimezoea. Tumezoeana. Nimezoea tu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo mwalimu mstaafu. Aliishika beji yangu akaisogeza hadi puani. Macho yake yanakwisha. Sisi kwetu tunajua, na mama mdogo amenikataza kulitamka. Kila asubuhi mwalimu huja dukani na gazeti au barua, anasema ameisahau miwani. Mama mdogo anaacha mizani, anafuta mikono, anamsomea. Mwaka wa tatu huu anaisahau miwani! Wateja wengine wanasubiri, wanasikiliza habari za dunia bure.

Kwa nini unanunua pale, mwalimu?

"Nimezoea tu, binti yangu."

Ningeandika nini? Nikaandika mazoea.

Mchana msimamizi kakagua madodoso. Hili neno la pembeni ni nini? Hakuna kisanduku cha mazoea. Mazoea si sababu, anasema, mazoea ni kukosa sababu. Yote yaende kisanduku cha mwisho. Nilibisha. Kidogo. Nikamwambia wapo waliosema nimezoea na wapo waliosema tumezoeana. Akauliza tofauti ni ipi. Jibu nilikuwa nalo: unaweza kuzoea kiti, unaweza kuzoea njia, lakini kuzoeana lazima muwe wawili. Wenzangu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, jua kali, yeye kainua kalamu ananisubiri. Nikasema hakuna tofauti kubwa.

Nikakaa kwenye ngazi za ofisi yao nikahamisha tiki. Arobaini na tatu. Mwandiko wangu mzuri, ule niliosifiwa shuleni.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda dukani. Nilipanga sabuni, nikapima sukari. Nikamaliza, mama mdogo akachukua kijiko chake cha mbao akaongeza kimoja juu ya mizani. Ndiyo maana wanamwita Mama Nyongeza. Ananiambia mizani ni ya gunia, kijiko ni cha mtu. Nimelisikia hilo tangu nina miaka tisa, tangu siku aliponichukua, dada yake, yaani mama yangu, alipofariki. Kusoma nimejifunzia chini ya kaunta hii, kwenye karatasi za magazeti ya kufungia vitunguu. Habari zote nilizijua nusu nusu.

Niandike ukweli, daftari hili halina wa kunicheka. Barua ya utangulizi tunayoonyesha milangoni ina nembo juu. Ni nembo ya ile supamaketi ya barabara kuu. Niliiona siku ya pili. Sikuuliza. Mimi, muulizaji!

Ijumaa, 14 Machi

Kazi imekwisha. Wametukusanya ofisini, wakatuonyesha ripoti ukutani, duara lenye rangi. Kipande kikubwa kuliko vyote ni cha kijivu: wateja wa maduka ya mtaani, hawana sababu maalumu. Msimamizi alifurahi mpaka akasema mara tatu. Watu hawana kinachowashika! Wenzangu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi.

Tumepewa zawadi, mfuko wa kijani wenye nembo. Nimeukunja nikausukuma chini ya kitanda. Dodoso moja tupu limebaki kwenye ubao wangu, sikulirudisha.

Jumatano, 2 Aprili

Mwenye nyumba alikuja saa nne, duka limejaa. Hakuagiza kitu. Alisubiri watu wapungue, kisha akamwambia mama mdogo kwamba jengo lote analikodisha kwa supamaketi. Wanataka kufungua tawi. Tutoke ifikapo mwisho wa Juni — duka, na vyumba vyetu viwili vya nyuma.

Mama mdogo alimwambia watu wa mtaa hawatakubali. Naye, kwa upole kabisa, akatoa karatasi mfukoni. Wameulizwa, akasema. Wameulizwa nyumba kwa nyumba, na wengi wao hawana sababu ya kununua hapa.

Nilikuwa nimeinama kwenye gunia la mchele. Nikabaki nimeinama.

Alipoondoka mama mdogo aliendelea kuhudumia. Alimfungia mtu mayai, akamwambia aangalie ngazi. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akaongea kama anaongea na mizani.

"Wamewauliza watu gani hao? Mbona mimi hawakuniuliza?"

Miaka kumi na tisa, akasema baadaye. Miaka kumi na tisa hawana sababu.

Ningesema pale pale. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mteja. Nikasema nakwenda kuteka maji.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda kwa msimamizi. Nimemwambia yale majibu arobaini na matatu yalikuwa na sababu, mimi ndiye niliyekosea kuandika. Nikamtajia fundi, ambaye akiingia tu dukani sabuni yake iko kaunta kabla hajafungua mdomo. Mwalimu sikumtaja. Nikamweleza habari ya wawili, kuzoea na kuzoeana. Alinisikiliza vizuri, hata akaandika kitu. Kisha akasema ripoti imefungwa, na ningesema wakati ule.

Nikamwambia nilisema.

"Ulisema hakuna tofauti kubwa," akajibu. Hakusema kwa ubaya. Anakumbuka vizuri kuliko nilivyotaka.

Njia nzima nimerudi kwa miguu. Najuta. Nilikuwa naogopa nini pale? Foleni ya watu saba na kibarua cha wiki mbili!

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeosha rafu zote za duka. Nimepanga chumvi na chumvi, majani ya chai na majani ya chai. Kila nikitaka kuanza kusema, anaingia mtu. Na asipoingia, nafuta tena palipokwisha futwa. Mama mdogo kaniambia nikisugua zaidi nitatokea upande wa pili. Tumecheka. Hilo ndilo limeniuma zaidi, kwamba tumecheka.

Muuguzi kapita nje ameshika mfuko wa kijani. Mama mdogo akamsalimu kwa sauti, akamuuliza habari za mume wake. Akajibu nzuri, akakaza mwendo. Mama mdogo akasema yule mtoto ana haraka siku zote, sijui anakimbilia wapi.

Jumatatu, 7 Aprili

Amepata wazo. Tutapita sisi wenyewe nyumba kwa nyumba, tuwaulize watu wanataka duka libaki au lisibaki, na kwa nini. Tuandike, kila mtu atie sahihi, tumpelekee mwenye nyumba. Karatasi kwa karatasi, anasema. Amenunua daftari jipya na kalamu. Amelifunika kwa gazeti lisichafuke.

"Wewe ndiye utakayeuliza," akaniambia. "Si ndiyo kazi yako? Mimi nitakaa kimya, nikisema watanionea haya."

Nikamwambia labda aende na mwalimu. Akanitazama. Mwalimu ataandikaje, akasema. Kweli, ataandikaje. Nimekubali. Kesho saa tatu.

Jumanne, 8 Aprili

Mchana. Naandika haraka.

Tulitoka saa tatu. Mama mdogo amevaa lile gauni lake la misiba na harusi. Duka kalifunga, jambo ambalo sijaliona tangu mazishi ya mama yangu. Nilimwomba tuanzie mwisho wa mtaa, kwa watu ambao sikuwahi kuwahoji. Akasema hapana, tuanze kwa rafiki, anayetujua.

Fundi cherehani alisimamisha mashine alipotuona. Nikafungua daftari. Nikasoma swali: unataka duka la Mama Nyongeza libaki, na kwa nini?

"Lakini si ulishaniuliza mwezi uliopita?" fundi akasema. "Ulikuja na beji. Nilikujibu, ukaandika mbele yangu." Akamgeukia mama mdogo, bado anatabasamu. "Nilimwambia mimi na wewe tumezoeana. Kwani aliandika nini?"

Nilisikia kalamu ikianguka. Ilikuwa yangu. Mama mdogo aliinama akaiokota yeye, akanipa. Akamuaga fundi, akamwambia atarudi baadaye kuchukua ile blauzi. Tukatoka.

Njiani alitangulia. Nilimwambia yote kati ya nyumba ya fundi na mlango wetu, na hapo si mbali. Nembo, kisanduku cha mwisho, tofauti ambayo nilisema haipo. Nilitegemea anipige kofi, au alie. Alifungua kufuli. Akaingia nyuma ya kaunta, akasogeza mizani pembeni.

"Unayo karatasi yao?"

Nikasema ninayo moja.

"Kailete. Niulize na mimi, kama ulivyowauliza wao. Usiruke kitu."

Nimeingia chumbani kuichukua. Iko hapa gotini. Swali la kwanza lingemtoa hapo hapo, maana ana duka. Nimelikata kwa kalamu. Chini ya Kwa nini? nimevikata visanduku vyote sita. Karatasi imebaki na mistari mitupu na alama zangu za kukata. Naandika humu kwanza, ndipo nitoke.

Namsikia anavuta kiti cha pili. Ananiita. Kasema nisiruke kitu, na pale juu kabisa, kabla ya maswali, imeandikwa kwa herufi kubwa: mhojaji ajitambulishe, ataje anakotoka.