Kandambili za Baba Kabula

Jumatatu, 12 Januari

Nimepika, nimeuza, sufuria zimeisha mapema. Wachimbaji wa asubuhi wamekula hadi ukoko.

Kabula ametuma picha tena. Nyumba za wageni za Kijapani, huko kwenye theluji, zenye maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe. Mama, chagua moja, vyumba vinajaa. Tiketi amelipa, viza imetoka, kazi yangu ni kuchagua tu mahali pa kuoga. Anaogesha wazee wa watu huko Japani, sasa anataka kuniogesha na mimi.

Kwenye picha mvuke unapanda kutoka kwenye mawe. Nimezima simu. Mdomo wa duara, shimo la dhahabu, hutoa mvuke hivyo hivyo asubuhi ya baridi, na baba yake Kabula yumo humo duarani tangu kifusi kiliposhuka. Wenzake walitolewa. Yeye hakufikiwa.

Jumatano, 14 Januari

Kandambili za Baba Kabula zimegeuka tena. Naishi peke yangu. Naziweka chini ya kitanda zikielekea mlangoni, nikirudi kutoka sokoni zinatazama ukuta. Nimekagua. Si panya. Mlango ulikuwa na kufuli. Nimeogopa, basi.

Wachimbaji wa hapa wana mwiko wao. Ukivua kandambili juu ya duara, unazigeuza zielekee nyumbani, ndipo unashuka. Siku ile ya kifusi nilikuta safu nzima inatazama nyumbani. Jozi moja tu ilitazama shimo. Ya kwake. Alichelewa, wenzake walishatangulia, akavua na kushuka bila kuzigeuza.

Alhamisi, 15 Januari

Shemeji Masanja kaja kutoka Didia. Kanipa shikamoo, kaketi, maji hakugusa. Mwenye duara analifukia mwezi huu. Ukoo unataka kandambili zizikwe kando ya kaburi la mama yao, msiba uishe. Eti, "Shemeji, kaka amechoka kukaa njiani."

Nimekataa. Nimemwambia siziki viatu vinavyotazama shimo, nitakuwa nimemfukia mara ya pili. Kaniangalia kama mgonjwa. Labda naumwa kweli.

Jumamosi, 17 Januari

Kabula kapiga kwa hasira. Nyumba ni tatu. Moja bwawa lake liko nje kwenye theluji. Ya pili iko mtoni. Ya tatu ni ya zamani, moto unawashwa katikati ya sebule. Mnaoga uchi, wanawake kwa wanawake. Mimi nimezalia kwenye korido ya wodi, uchi haunitishi.

Kinachonitisha ni mvuke. Kwenye picha ya mtoni nimeona bega la mtu. Nikaikuza. Jiwe. Nikaikuza tena. Jiwe. Nimelia jikoni, ugali ukaungua.

Jumapili, 18 Januari

Baada ya kanisa nimefungua tena picha za ile nyumba ya tatu. Si bwawa. Mlangoni. Viatu vya wageni vimepangwa chini ya kizingiti, vyote vinatazama nje. Nimempigia Kabula. Anasema mwenye nyumba huvigeuza wageni wakishaingia, ili mtu akiondoka avae tu aende zake.

Vya kila mgeni?

Vya kila mgeni, mama.

Hata aliyesahau, aliyeingia mbio?

"Huyo ndiye anayegeuziwa, mama. Kwani vipi?"

Nikamwambia achukue hiyo. Kalalamika kwamba bwawa lake ndilo dogo kuliko yote. Sawa tu.

Nimezifunga kandambili kwenye kanga, nikazifukia ndani ya begi la safari, katikati ya michembe, viazi vikavu vya kumpelekea Kabula. Shemeji sijamwambia.

Jumamosi, 14 Februari

Theluji imefika dirishani. Haina sauti.

Nilivua viatu mlangoni. Kisha nikatoa kandambili za Baba Kabula, nikaziweka kando ya vyangu, zikitazama ndani, kama alivyoziacha. Kabula hakujua nimekuja nazo. Alishika mdomo.

Mwenye nyumba ni bibi mfupi. Aliziangalia zilivyolika kisigino, na ule udongo mwekundu wa Geita. Hakucheka. Alipiga magoti, akageuza vyangu, akageuza na zake, akazisogeza zikae sawa. Kisha akatuinamia kana kwamba tuko watatu.

Nimeoga na mwanangu. Mvuke ulikuwa mvuke tu.

Kabla ya chakula nimeshuka kuzitazama. Bado zinatazama nje. Nimerudi tena baadaye. Bado.

Nimempigia Masanja, kwao ni mchana. Nimemwambia achimbe kaburi, narudi na kaka yake. Amekubali. Kisha akauliza tutazilaza vipi.

Nimemwambia zielekee nyumbani.